Heshima ya baba, stara ya mama: Tuzitazame upya sinema za kale za Kihindi

Mwanafunzi wangu mmoja wa uzamili anaandika tasnifu kuhusu tafsiri ya mazungumzo ya sinema. Amechagua filamu tatu za kale za Kihindi, na kazi yake ni kuyaleta maneno ya wahusika katika Kiswahili kitakachomfaa mtazamaji wa leo asiyejua Kihindi. Majuzi aliniletea sura mbili. Nilizisoma kwa furaha, maana Kiswahili chake ni safi, ila kuna jambo lililonikera kama mchanga kwenye wali. Kila alipokutana na neno izzat aliandika "heshima". Alipokutana na laaj, vilevile "heshima". Nilipomuuliza mbona maneno mawili yamekunjwa yakawa moja, alinijibu kwa adabu lakini bila kuyumba: "Prof, si ni yale yale?"

Si yale yale. Na kwa kuwa siku hiyo sikuweza kumweleza vizuri (nilikuwa na kikao, na vikao vya chuo mnavijua), nimeona nimjibu hapa, nanyi wasomaji mtuamue.

Filamu zenyewe ni Awaara ya Raj Kapoor ya mwaka 1951, Mother India ya Mehboob Khan ya 1957 na Deewaar ya Yash Chopra ya 1975. Zote tatu zina mwizi, zina mama, na zina baba ambaye hayupo pale anapohitajika. Zote tatu zinauliza swali lile lile: mtu afanye nini ikiwa njia ya kupata chakula na njia ya kulinda jina lake haziendi upande mmoja?

Sisi tulioinukia katika miaka ya 1970 hatukuhitaji tasnifu ili kuzifahamu filamu hizi. Mombasa palikuwa na Naaz, Regal na Majestic. Nairobi palikuwa na Odeon, na Shan kule Ngara. Watu walijaa, Wahindi na Waswahili na watu wa bara, na wengi wetu hatukujua Kihindi hata kidogo. Tulifuata nyuso, nyimbo, na yale maneno ambayo masikio yetu yaliyadaka kwa sababu ni jamaa zetu: duniya, waqt, hisab, kitab, haq. Tulisikia "kanoon" tukajua kuna kanuni imevunjwa na polisi wako njiani. Nyimbo tulitoka nazo, na waimbaji wa taarab kama marehemu Juma Bhalo wakazipa mahadhi hayo maneno ya Kiswahili. Wala hatukuwa peke yetu Afrika. Mwanaanthropolojia Brian Larkin, katika makala yake ya 1997 kuhusu Wahausa na filamu za Kihindi, anasimulia jinsi Mother India ilivyokuwa bado inajaza ukumbi wa sinema mjini Kano miongo kadhaa baada ya kutengenezwa.

Tulikuwa na sheria moja kubwa pale ukumbini: stelingi hafi, au kama tulivyosema huku bara, akta hafi. Atapigwa, atafungwa kamba, atatupwa mtoni, lakini mwisho ataibuka. Mother India na Deewaar zilituvunjia sheria hiyo. Akta alikufa, tena mikononi mwa mama yake. Watu walitoka kimya. Na kwa sababu tulihitaji kuelewa kwa nini amekufa, tulijipa jibu ambalo nimelisikia mara nyingi tangu hapo, na ambalo mimi mwenyewe nililifundisha darasani kwa miaka mingi: amekufa kwa sababu heshima ni bora kuliko uhai. Mama mwenye heshima hamwonei huruma mwizi hata akiwa ni mwana wa tumbo lake.

Siku hizi siliamini tena jibu hilo. Kilichonitoa katika imani yangu ni maneno.

Izzat limetoka Kiarabu, katika shina lenye maana ya nguvu, ukuu na utukufu. Shina hilo hilo limetupa sisi "enzi", na kwa njia hiyo "Mwenyezi", yaani mwenye enzi. Kwa hiyo asili ya izzat ina harufu ya kiti kirefu na sauti nzito. Ni hadhi anayoonekana nayo mtu mbele ya watu, na kwa kuwa iko mbele ya watu inaweza kuporwa mbele yao. Laaj ni neno la ukoo mwingine kabisa, la asili ya Kisanskriti, na ndani yake mna aibu, haya, na kule kujikunja kwa mtu anayevuta nguo ajifunike. Kihindi hulitumia pia kwa maana ya heshima, hasa ya mwanamke, na hapo ndipo mwanafunzi wangu alipoponzwa. Lakini heshima inayotokana na enzi na heshima inayotokana na kujifunika si kitu kimoja, hata kama kamusi za haraka haraka zinaziandika mstari mmoja.

Tuanze na Awaara, ingawa sitakaa sana hapo. Jaji Raghunath, anayechezwa na Prithviraj Kapoor, babake Raj Kapoor katika maisha halisi, ni mtu wa jina kubwa. Mkewe anatekwa na jambazi Jagga, anarudishwa, kisha inajulikana kuwa ni mjamzito. Watu wananong'ona. Jaji anamfukuza. Mtoto anazaliwa mtaani, anakulia katika umaskini, anaiba mkate kwa ajili ya mama mgonjwa, anafungwa. Gerezani analetewa mkate, naye anasema jambo moja la uchungu: kwamba mkate huo huo angeupata nje, asingekuwa ndani. Wanaoijua Ramayana watasikia hapo mwangwi wa Sita, aliyefukuzwa na mumewe Rama kwa sababu ya midomo ya watu.

Jaji huyo ana izzat tele, na anapoona inatishwa hajiulizi mara mbili: analipa kwa mali ya mtu mwingine. Mke na mtoto ndio wanaokula njaa ili jina lake libaki safi. Sinema nzima ni kesi ya mwana dhidi ya baba, na mtunzi wa hadithi, K. A. Abbas, ambaye alikuwa mwandishi wa mrengo wa kushoto, hakuficha yuko upande gani. Udhaifu wake ni kwamba anataka sana tukubali nadharia yake kuwa mazingira ndiyo yanayomzaa mwizi, si damu, na kuna wakati wahusika wanaongea kama mawakili hata wakiwa chumbani.

Lakini tazama jambo hili sasa, maana linajirudia. Jaji wa Awaara anamfukuza mke. Shamu, mume katika Mother India, anapondwa mikono na jiwe shambani, hawezi tena kulima, anakejeliwa na mkopeshaji kuwa anakula jasho la mkewe. Usiku mmoja anaondoka huku mkewe amelala na harudi tena. Anand Verma katika Deewaar ni kiongozi wa wafanyakazi wa mgodi. Mwenye mgodi anawateka mkewe na wanawe, naye anatia saini mkataba unaowasaliti wenzake ili kuwaokoa. Wafanyakazi wanamwita mwizi, wanampiga, naye anapanda gari la moshi na kupotelea humo, akisafiri bila kituo hadi anapokutwa amekufa. Wanaume watatu, na kila mmoja anapopatwa na aibu, mlango unafunguka: ama anamtoa mtu ama anatoka yeye. Mwanamke hana mlango huo. Anabaki na watoto, na watoto wanataka kula.

Nasema haya bila kuwadharau. Shamu ni mtu mwema. Mtazame Raaj Kumar anavyojaribu kuishika kata ya maji bila mikono utamwonea imani. Ila aibu yake imempeleka mahali ambapo uzito wake wote unaangukia mgongo mwingine.

Mgongo huo ni wa Radha, na Radha ni Nargis, na sijui kama sinema ya nchi yoyote imewahi kumpiga picha mwanamke akilima kwa namna ile, jembe la kukokotwa na ng'ombe likiwa begani mwake mwenyewe. Deni limeanza na rupia 500 ambazo mama mkwe alikopa kwa Sukhilala kwa ajili ya harusi. Makubaliano yalikuwa ya mdomo. Kesi inapofika kwa wazee wa kijiji, wazee wanaamua kwa daftari la mkopeshaji, kwa sababu daftari limeandikwa na mdomo haukuandikwa: robo tatu ya mavuno iende kwake kama riba. Mehboob Khan, ambaye nembo ya kampuni yake ilikuwa nyundo na mundu, anajua kuionyesha riba. Inaingia nyumbani polepole. Inachukua mazao, inachukua ng'ombe, inachukua vyombo, inachukua bangili. (Nalo neno "bangili" tumelipata kwa Wahindi hao hao, kwa hiyo hapo mwanafunzi wangu hana kazi ya kutafsiri.)

Baadaye mafuriko. Mtoto mchanga anakufa, wawili waliobaki wanazimia kwa njaa. Hapo Radha anakwenda kwa Sukhilala, amejaa tope mwili mzima, kuomba chakula, na anajua bei ya chakula hicho ni nini, maana mkopeshaji amekwisha kumtajia. Hii ndiyo sehemu tuliyozoea kuisimulia vibaya. Tunasema: Radha aliikataa aibu, akachagua heshima. Ndiyo, mwishoni alikataa, akamtandika yule mzee akatoka. Lakini kabla ya kukataa alikuwa amekwenda. Miguu yake yenyewe ilimpeleka. Filamu haifichi hilo na wala haimhukumu. Inatuonyesha mwanamke akisimama mbele ya sanamu ya Lakshmi, mungu wa mali, nyumbani kwa tajiri, akijadiliana na mungu huyo kwa hasira kama mtu anayejadiliana na jirani. Anaijua njaa inayoweza kumfikisha mtu mlangoni pale. Waswahili walisema mficha uchi hazai. Radha ameshazaa, ameshazika, na hana tena cha kuficha.

Miaka inapita. Birju, mwanawe mdogo, anayechezwa na Sunil Dutt, amekua na kitu kimoja kichwani: bangili za mama. Anajaribu kujifunza kusoma ili aelewe daftari la Sukhilala linasema nini. Mwishowe hasira inamshinda, anakuwa haramia wa msituni, anarudi, anamuua Sukhilala, anayachoma madaftari. Hadi hapo, semeni kweli, ni nani ukumbini aliyekuwa upande wa Sukhilala? Sisi tulipiga makofi. Nina hakika kuwa kama Birju angeishia hapo, kijiji kingempa maji ya kunywa na njia ya kutorokea.

Hakuishia hapo. Alimchukua Rupa, binti wa Sukhilala, siku ya harusi ya binti huyo, akampandisha farasi. Na hapo ndipo Radha anaposhika bunduki. Anamwambia mwanawe kuwa msichana huyo ni wa kijiji kizima, na kwamba yeye Radha anaweza kumtoa mtoto, lakini laaj hawezi kuitoa. Akafyatua.

Mwanafunzi wangu ametafsiri: heshima hawezi kuitoa. Sasa sikiliza jinsi sentensi hiyo inavyotua. Mtazamaji wa Kiswahili atamwona mama anayelinda jina: jina la kijiji, jina la familia, labda hata jina la tajiri aliyeuawa. Atamweka Radha benchi moja na Jaji Raghunath, mtu anayemtoa mwenzake kafara ili asiaibike. Ndivyo nilivyokuwa nikimsoma mimi. Lakini Radha si jaji. Yeye ndiye mtu pekee katika kijiji kile ambaye amewahi kusimama mahali anaposimama Rupa: mwanamke mbele ya mwanamume aliyedhani kuwa kwa sababu ana nguvu, au kwa sababu anadai, basi mwili wa mwanamke ni sehemu ya hesabu. Sukhilala alitaka kulipwa deni kwa mwili wa Radha. Birju anataka kulipiza deni kwa mwili wa Rupa. Birju ameyachoma madaftari yote lakini ameirithi hesabu ya Sukhilala. Mama yake anaiona, nasi hatukuiona kwa sababu tulikuwa tunamshangilia akta.

Kwa hiyo anachokilinda Radha kwa risasi ile si enzi ya mtu. Hakuna mwenye enzi pale. Ni kitu ambacho Kiswahili kina neno lake zuri sana, stara.

Stara, au sitara, ni kificho, pazia, nguo. Kumsitiri mtu ni kumfunika asionekane uchi wake, hata wa maneno. Lakini kusitirika, hasa kwa watu wa pwani, kuna maana nyingine: kuwa na cha kutosha. Mtu akisema "alhamdulillahi, tumesitirika", hajisifii utajiri. Anasema pana ugali, pana nguo, pana paa, na haja za nyumba hazijatoka nje kuombwa kwa watu. Neno moja limebeba kula na kutoaibika, kwa sababu aliyeliunda alijua kuwa kwa maskini vitu hivyo viwili havitenganiki. Anayelala njaa hupigwa na njaa, kisha hupigwa na kule kuonekana ana njaa. Radha alipokwenda kwa Sukhilala na tope mwilini, alichokosa hakikuwa heshima wala uhai, kimoja kimoja. Alikosa stara, na stara ilimaanisha vyote viwili.

Mtu ataniuliza: kwa nini si "haya"? Nililifikiria. Laaj na haya vinafanana sana. Lakini haya hukaa ndani ya mtu mwenyewe. Mimi nikiwa na haya siwezi kukugawia. Stara hugawika. Mtu humsitiri mwenzake, jirani humsitiri jirani, na kijiji kinaweza kumsitiri binti wa adui. Sentensi ya Radha inahitaji neno la namna hiyo, maana anazungumzia kitu cha wote ambacho mwanawe hana ruhusa ya kukichukua.

Sifichi kuwa filamu ina kasoro zake. Rupa mwenyewe hakuna anayemuuliza lolote; anabebwa, anaokolewa, basi. Nayo serikali inajipenyeza mwanzoni na mwishoni na mfereji wake mpya wa maji, ambao Radha mzee anaalikwa kuufungua, kana kwamba mfereji ungefuta daftari. Lakini Mehboob anayafanya maji yale yageuke mekundu machoni pa mama. Hilo linatosha kuuharibu mkutano wowote wa hadhara.

Deewaar, neno ambalo maana yake ni ukuta, ilitoka Januari 1975, miezi michache baada ya mgomo mkubwa wa wafanyakazi wa reli wa India wa Mei 1974. Waandishi wake, Salim Khan na Javed Akhtar, wanaichukua hadithi ya Radha na wanawe wawili na kuihamishia Bombay. Kijiji kinatoweka. Na kijiji kinapotoweka, wale waliokuwa wakisitiriana nao wametoweka. Mama, anayechezwa na Nirupa Roy, anabeba matofali katika jengo linalopanda, analala na wanawe barabarani chini ya daraja. Mkononi mwa mwanawe mkubwa, Vijay, watu wenye hasira na baba yake wamemchanja maneno yasiyofutika ya kumtangaza kuwa mwana wa mwizi. Huko ndiko kuvunjiwa stara kamili: mtoto amegeuzwa ubao wa matangazo, na kila anapokunja shati watu wanasoma.

Vijay, yaani Amitabh Bachchan katika kilele chake, anaanza maisha kwa kung'arisha viatu ili mdogo wake Ravi aende shule. Mteja anamrushia sarafu. Mtoto anakataa kuiokota: amefanya kazi, hakuomba, apewe mkononi. Wengi tuliipenda sana sehemu hii. Akiwa mtu mzima ni kuli wa bandarini ambako majambazi hukusanya ushuru wao kila wiki kwa vibarua, na anayekataa anakufa. Beji yake ina namba 786, ambayo Waislamu wengi wa Bara Hindi huihesabu kuwa badala ya Bismillahi, na wasomaji wa pwani hawahitaji kuelezwa. Mzee Rahim anamwambia aitunze. Vijay anakataa kulipa, anapigana, anashinda, na tajiri wa magendo anamchukua. Kuanzia hapo anapanda. Jengo ambalo mama alibeba matofali yake analinunua kwa bei ya juu kupita kiasi ili ampe mama.

Mpango huo mzima unaitwa izzat. Vijay anataka kurudishiwa hadharani kile alichoporwa hadharani. Anafikiri kama baba zake wote wa sinema: kwamba aibu huondoka kwa kitendo kikubwa cha mwanamume. Mama hakuwahi kuomba jengo. Aliomba wanawe wale, wavae, walale.

Pale wanapogombana chini ya daraja walikokulia, Vijay anamhesabia nduguye mali yake, magari, nyumba, fedha benki, kisha anamuuliza yeye ana nini. Ravi, ambaye sasa ni afisa wa polisi, anajibu kuwa yeye ana mama. India nzima inalijua jibu hilo, na watu hulitaja hadi leo kwa machozi. Mimi nalo linanikera kidogo. Ravi ametoa jibu zuri katika mchezo mbaya. Amekubali kuwa mama ni kitu cha kuandikwa kwenye orodha ya mali, ila tu kimeandikwa upande wake.

Sehemu iliyonibadilisha mimi ni nyingine, fupi, na watu wachache huikumbuka. Ravi anamkimbiza kijana mwizi barabarani, anampiga risasi mguuni. Anapofika anaona alichoiba: mkate. (Mkate wa Awaara, miaka 24 baadaye, bado unaibwa.) Ravi anaona haya, ananunua chakula, anakwenda nyumbani kwa kijana. Mama wa kijana anamwakia: wakubwa wanaiba mamilioni na hamwagusi, mwanangu mnampiga risasi kwa mkate! Mumewe, mwalimu mstaafu, anayechezwa na A. K. Hangal, anamnyamazisha. Wizi ni wizi, anasema, uwe wa senti au wa laki. Ravi anatoka pale amepata nguvu ya kumsaka ndugu yake.

Nikiwa mwalimu kijana nililipenda jibu la mwalimu yule. Nililiona kama kilele cha filamu. Mwenye shida, lakini mnyoofu! Leo nikiitazama namwangalia mke. Amenyamazishwa na mumewe mbele ya mgeni aliyempiga risasi mwanawe, na chakula cha mgeni kiko mezani. Hoja yake haijajibiwa. Mwalimu amesema wizi wote ni sawa, lakini risasi zote si sawa, na mama ndiye aliyesema hivyo. Filamu inampa mwalimu ushindi, lakini imeyaacha maneno ya mama yamesikika, na aliyeyaandika alijua anachofanya.

Hapa kwetu tunalijua pambano hilo bila ya kwenda sinema. Anayeiba kuku hupigiwa yowe la "mwizi!" na pengine hafiki kituoni. Anayeiba kikubwa tunampa kiti cha mbele kwenye matanga na kumwita Mheshimiwa. Angalieni sarufi ya neno hilo: limetokana na kauli ya kutendwa, mtu anayefanyiwa heshima na wengine. Sisi ndio watendaji. Nadhani huo ni uthibitisho mzuri kuwa heshima, kwa matumizi ya sasa, imesogea sana kwenye enzi. Jambo la kuchekesha ni kuwa asili yake ya Kiarabu ilikuwa karibu zaidi na haya na adabu. Ni sisi tulioipandisha jukwaani.

Turudi kwa mama. Karibu na mwisho wa Deewaar, anamkabidhi Ravi bastola akamsake nduguye, na anamwombea mkono wake usitetemeke. Hapo ndipo tuliposema: hii ni Mother India tena. Lakini sekunde chache baadaye anaongeza jambo tulilolipita haraka. Anasema mwanamke ametimiza wajibu wake. Sasa mama anakwenda kumngoja mwanawe. Na anakwenda kweli, hekaluni, kumngoja yule yule aliyemtumia bastola. Vijay anafika na risasi mwilini, bila ile beji ya 786, anafia mapajani mwake, akisema amechoka, anataka kulala. Filamu inajifungia kwenye sherehe ambapo Ravi anatunukiwa nishani na mama anaitwa jukwaani kupigiwa makofi. Izzat yote ya serikali iko pale, na uso wa Nirupa Roy hauisherehekei. Yeye alichofanya ni kumpokea mwanawe mahali ambapo kamera za polisi na midomo ya watu haikufika, akamfunika kwa upindo wake.

Nimemwambia mwanafunzi wangu aache "heshima" kwa jaji, kwa Vijay na kwa nishani, na kwa Radha aandike "stara". Hajakubali. Anasema vijana wa Nairobi wakisikia stara watadhani ni gauni refu, na kwamba sentensi inayofyatua risasi haiwezi kuhitaji tanbihi. Ana hoja hapo. Tumekubaliana aitazame tena sehemu ile bila sauti, kisha aje Jumanne na neno lake.